Steringi Hafi Kariakoo

Maneno haya niliyasema kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu wa mwisho, Temeke, Novemba 2025. Waliokosa kikao wakaniomba niyaandike. Salamu nimezifupisha, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.

Mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu wetu, wazazi na walezi wenzangu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo. Kama kuna niliyemruka anisamehe, itifaki imezingatiwa.

Nilipopigiwa simu nije kuzungumza mbele yenu nilidhani wamekosea namba. Mimi si mtaalamu wa malezi. Ni mama wa watoto watatu na muuza mabegi ya shule pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, huu mwaka wa kumi na tano. Mwalimu akanijibu, "Mama, ni kwa sababu hiyohiyo tunakuita." Kumbe walimu wamechoka. Darasa la pili wanaimba nyimbo za vichwa vinavyotoka chooni, darasa la sita wanasalimiana Kikorea, na mzazi akiulizwa anasema, "Sijui, mwalimu, wameyatoa wapi haya." Mengine mmeyanunua kwangu. Nawaona mlipokaa.

Nianze na sisi wenyewe. Mliozaliwa miaka ya sabini na themanini hamhitaji kuelezwa steringi, yule shujaa wa picha, ni nani. Unaingia kibanda cha video, unabanana kwenye benchi, Rambo anamiminiwa risasi za kutosha kumaliza mtaa mzima, na hakuna mwenye wasiwasi, kwa sababu steringi hafi. Waliobahatika walitafsiriwa na Lufufu, ambaye maneno yake mara nyingine yalikuwa matamu kuliko picha lenyewe. Mkitoka nje kila mmoja ni Rambo, na kitambaa cha kichwani ni kipande cha khanga ya mama mtu. Wengine walikuwa Madenge, yule mtoto mtukutu wa gazeti la Sani. Kaka zetu walitembea kama Mithun wa Disco Dancer, picha la Kihindi la 1982 ambalo mitaani kwetu liliendelea kuonyeshwa mpaka mkanda ukaanza kukwaruza. Wazazi wetu wakasema tumeharibikiwa. Leo tumekaa hapa kwenye viti vya plastiki na sisi tunasema vilevile. Hilo sitalikalia, kila mtu analijua.

Ninalotaka kulisema ni jingine. Malalamiko yetu makubwa ni kwamba watoto wa siku hizi hawatulii. Leo huyu, kesho yule, na hela tumeshatoa. Mimi niliye nyuma ya meza ya mabegi nawaambia, steringi haendi kokote. Anahama mtoto tu.

Nieleze mzigo unavyokuja, maana humo ndimo lilimo jibu. Mzigo wa mabegi hauji kwa ndege. Ukiagiza Guangzhou au Yiwu unatumiwa picha kwa WhatsApp, unachagua, unatanguliza hela, kiwanda kinashona, kisha unatafuta nafasi kwenye kontena la kuchangia, kwa sababu wengi wetu hatuna ubavu wa kujaza kontena peke yetu. Meli ina wiki zake, bandari ina siku zake. Begi nitakalowauzia mkifungua shule Januari nililichagua Agosti. Mwezi wa nane nakaa nabashiri mtoto nisiyemjua atampenda nani mwezi wa kwanza. Mpiga ramli ana kazi rahisi kuliko mimi.

Na mara nyingi nakosea. Mzigo unafika, watoto wenye intaneti nyumbani wameshamsahau yule bwana, mali inalala. Ila mali haitupwi. Inaingia stoo, inashushwa bei, siku moja anakuja mteja wa Ifakara, au wa Tandahimba, au wa Lubumbashi, anabeba. Huko aendako, begi linatangulia na katuni inafuata baadaye, na pengine isifike kabisa. Mtoto anampenda mtu aliyechorwa mgongoni kwake, hajamwona akitembea, hajui hata sauti yake, kwa hiyo anamtungia habari mwenyewe. Nimeshasimuliwa na mtoto wa mteja mmoja kwamba Spider-Man ni mvuvi. Ukitazama nyavu zile, utambishia nini?

Chukueni Ben 10. Katuni ile ilianza Marekani Desemba 2005, mfululizo wa kwanza ukakoma 2008. Zikafuata nyingine, kijana wa watu akakuzwa mpaka akafika miaka kumi na sita. Kariakoo hakukua. Mwaka huu wa 2025 nimeuza dazeni mbili za Ben wa miaka kumi, na zipu zake ni mbovu zilezile.

Huyo Ben ndiye aliyenifundisha kazi ya uzazi, na ada yake nililipa. Kifunguamimba wangu alianza darasa la kwanza 2013. Kwa msiomjua, Ben ni mtoto aliyekuwa safarini na babu yake na binamu yake, kikaanguka kitu kutoka angani, ndani yake mna kifaa kama saa, kikamganda mkononi. Akiipiga ile saa anageuka kiumbe kingine, na viumbe vyenyewe ni kumi. Mwanangu alikuwa na saa ya plastiki ya kijani na nyeusi. Akishakuwa yule wa moto, hanywi uji. Akiwa yule wa mikono minne, anadai vipande viwili vya mkate, kimoja kila upande. Akiwa yule wa mbio, hapo mimi namtuma chumvi, na anarudi sijamaliza kukata kitunguu.

Jumamosi nilikuwa nakwenda naye dukani. Kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Kariakoo, na foleni ya barabara ya Kilwa mnaijua. Njia nzima ni Ben. Siku moja mzee aliyekaa kiti cha mbele yetu aligeuka akamwuliza, "Halafu babu yake akasemaje?"

Ikaja siku nikaitwa shuleni kwake, si hapa. Mtoto anapiga dawati katikati ya somo, eti anageuka. Nilikuwa na siku mbaya, mzigo umekwama, simu za watu ninaowadai hazipokelewi. Nikamvua ile saa palepale barazani, nikaitupa kwenye pipa la taka, wenzake wanatazama. Hakulia. Ningefurahi kama angelia. Jumamosi iliyofuata tukapanda daladala kama kawaida. Tukapita kwa Aziz Ali, tukapita Uhasibu, mpaka tunashuka Kariakoo hajatoa neno. Ikawa hivyo muhula mzima. Siku moja nikajikaza nikamwuliza, "Ben hajambo?" Akanitazama. "Mama, ile ni katuni tu." Ana miaka saba huyo, ananijibu kama afisa wa mkopo.

Wa pili, binti, alikuja na Elsa, yule malkia wa barafu. Filamu ya Frozen ilitoka Marekani mwishoni mwa 2013, kwangu ikaingia 2016, ndani ya sidii moja iliyobeba picha kumi na mbili. Nyumbani nina friza, nauza barafu za ubuyu. Ikafika wiki naona barafu hazigandi na Luku inakwisha kabla ya siku zake. Nikanyata mpaka jikoni. Mtoto wa miaka mitano amesimama juu ya ndoo, mfuniko wa friza ameuegemeza ukutani, khanga yangu ameifunga kichwani ndiyo nywele ndefu za mgongoni, mkono mmoja ameunyoosha ndani anaamuru ubuyu ugande. Anaimba "letigoo, letigoo", na baada ya hapo maneno ni ya kwake. Nadhani alikuwa akitaja vituo vya daladala.

Safari hii sikutupa kitu. Nilifunga friza, nikamshusha, nikaikalia ile ndoo mwenyewe, nikamwambia, "Haya, nisimulie." Alinisimulia dada wawili, mmoja ana baridi mikononi asiyoijua kuizuia, amefungiwa chumbani, mwenzake anagonga mlango miaka na miaka. Kusema kweli nilishika kidevu. Nikamwambia hiyo theluji hata sisi tunayo, iko juu ya Kilimanjaro. Akafikiri. "Kumbe Elsa anakaa Moshi?"

Sasa sikilizeni hii. Wakati huohuo asubuhi alikuwa akimtazama Akili, ile katuni inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na Ubongo, ya mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya mlima huohuo. Mimi kwa akili zangu za kikubwa nilishaanza kupanga mechi: huyu wa kwetu, yule wa kuja, tuone nani atashinda. Nilikuwa na wasiwasi na zile nywele za khanga, sitaficha. Binti hakuona mechi yoyote. Aliamua Elsa anakaa juu kwenye barafu, Akili anakaa chini kwenye migomba, na kila Jumapili Akili anampandishia mwenzake ndizi.

Begi la Akili nililitafuta kweli. Kwenye picha za viwanda nilizokuwa nikitumiwa sikumwona hata mara moja. Kama yupo humu mwenye njia ya kulishughulikia, tuonane baada ya kikao, nachukua dazeni kumi za kuanzia.

Elsa aliondoka lini, siwezi kuwatajia siku. Hawaagi hawa. Gauni lilibaki kwenye msumari na vumbi lake la kung'aa, siku nikalishusha nikakuta mjusi ametaga mfukoni. Wakaingia vijana saba waimbaji wa Kikorea, BTS, ambao mimi niliwachanganya miezi mitatu maana kila ukiwazoea nywele zimebadilika rangi. Desemba 2022 nikamkuta binti analia kwa kwikwi. Nikajua ni msiba. Kumbe mkubwa wao, Jin, anakwenda jeshini. Huko Korea Kusini kijana wa kiume anatumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, na umaarufu wake haukumwokoa. Nikamwambia, "Mwanangu, mtoto wa shangazi yako yuko JKT sasa hivi, anachimba mitaro, mbona yeye hujamlilia?" Hapo tukaelewana. Akaniuliza maswali mengi: wanaamka saa ngapi, wananyolewa, wanakula nini. Kwa mara ya kwanza tulimpigia yule binamu simu bila kuwa na shida naye.

Akahesabu miezi kumi na minane, akaweka alama kwenye kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa bure na duka la vifaa vya ujenzi. Kalenda mpya ikija anahamisha alama. Yule kijana alitoka jeshini tarehe 12 Juni 2024. Mnajua nani alimkumbusha mwenzake asubuhi ile? Mimi. Yeye alikuwa anatafuta soksi, akasema, "Eh, ni leo?" na akaondoka zake shule. Nikabaki na Jin wangu jikoni.

Baby Shark, ile video ya wimbo wa watoto, sitaizungumzia. Januari 2022 ilifikisha kutazamwa mara bilioni 10 huko YouTube, video ya kwanza kufika hapo, na bando lililochangia ninalijua lilitoka simu ya nani. Naona baba mmoja pale nyuma ameshika kichwa. Pole sana, baba.

Kuna moja ambayo sitaki tuicheke. Nimesema mzigo hauji kwa ndege. Mara moja nililipia ndege. Ilikuwa mwishoni mwa 2021. Squid Game, tamthilia ya Kikorea, ilitoka Netflix Septemba, na kufikia Novemba mawinga, wale madalali wa Kariakoo, walikuwa wanapita kila fremu wakiulizia mabegi yenye yule mtu wa nguo nyekundu, usoni ana duara, au pembetatu, au mraba. Mimi sikujua ni nini, nilijua ni hela. Nikaleta. Yakagombaniwa. Mtoto wa miaka kama saba akachagua lake, nikamtania, "Habari yake unaijua?" Akasema, "Ndiyo. Mnacheza, ukishindwa wanakuua." Kwa sauti ileile ambayo angenitajia timu yake. Mama yake alikuwa anatafuta chenji kwenye pochi, hakusikia.

Usiku nikaitazama. Watu 456 waliokabwa na madeni wanaingizwa kwenye michezo ya kitoto, na anayekosea anapigwa risasi. Ni kazi ya watu wazima, imetengenezwa kwa ufundi, sina ugomvi nayo. Ugomvi ulikuwa na mimi niliyeibandika mgongoni mwa mtoto wa miaka saba. Sitawadanganya kwamba niliyachoma yale mabegi. Nilimpelekea fundi, akashonea kiraka cha jinzi juu ya kila uso, nikayauza kwa hasara. Mengine bado yanazunguka mjini. Mkikuta begi lenye kiraka cha jinzi ambacho hakizibi tundu lolote, linatoka kwangu.

Kutoka hapo nikaweka kanuni, na inaniharibia biashara. Mtoto akinyooshea kidole begi, namwambia mzazi, kabla hujalipa mwambie akusimulie. Akisimulia mwanzo mpaka mwisho, nani ni nani na nani kamfanya nini nani, huyo steringi ni wake na wewe umeshamjua aliyeingia nyumbani kwako. Kama ana bunduki utamsikia. Akisema "wenzangu wote wanalo", basi anachotaka ni wenzake, na wenzake hawauzwi Kariakoo. Nyingine: usinunue mwezi wa kwanza wa mapenzi. Subiri. Kama ni homa itashuka, kama ni kweli atakuwa bado anasimulia, na bei itakuwa imeshuka pia. Mawinga wakisikia nimesema hivi watanifuata na rungu.

Nilimpima kwa kanuni hiyohiyo kitindamimba wangu, huyu mnayemfundisha hapa, alipoleta mambo ya Skibidi Toilet. Ni vipande vifupi vya YouTube vilivyoanza Februari 2023, kichwa cha mtu kinachomoza kutoka chooni kikiimba. Kwangu choo ni cha kuchuchumaa. Nikaanza kumkuta amekaa mlangoni mwa choo, anasubiri. "Mama, mbona cha kwetu hakina mtu?" Mzee mmoja kaniuliza kabla ya kikao kama huu si ushetani. Mzee wangu, mimi naona ni ukosefu wa kazi tu. Nilimkalisha, nikamwambia anisimulie. Dakika arobaini. Kuna vita, vichwa vya chooni kwa upande mmoja, upande wa pili watu ambao mahali pa kichwa wana kamera, wengine spika, wengine tivii, wanatekana, wanasalitiana. Mimi nilipotea dakika ya tano. Yeye hakupotea hata mara moja, na akisahau jina anarudi nyuma kulichukua. Lufufu angempa kazi.

Begi lake sikumnunulia, lakini. Mwenye duka ana mabegi stoo, na mtoto wa mwisho hanunuliwi, anarithi. Na hapa nimalizie.

Mwezi uliopita kifunguamimba alikuja likizo kutoka chuo, Morogoro. Ana miaka 19, ndevu mbili tatu anazozitunza kama bustani. Akamkuta mdogo wake anaingiza madaftari kwenye begi la Ben 10. Lilikuwa lake yeye, la 2013. Limeshawahi kubeba vitunguu, limeshawahi kuwa mto wa paka, zipu nimeibadilisha mara mbili, na Ben mwenyewe amefutika mguu mmoja. Mdogo akamwuliza, "Kaka, huyu ni nani?"

Mimi nilikuwa na ungo mapajani, nachambua mchele. Nikaacha kuupepeta ili nisikie. Kijana akakaa kwenye mkeka, akakunja mkono wa shati, akapiga kiganja juu ya kifundo kisicho na saa. Akaanza. Babu, binamu, gari la safari, usiku porini, kitu kinachoshuka kutoka angani. Kumi wote aliwataja, kwa majina, na sauti zao. Habari ile mimi ilinikatikia kwenye pipa la taka, mwanangu ana miaka saba. Nilikuja kuisikia mpaka mwisho miaka kumi na miwili baadaye, mchele umejaa mawe na mimi sioni mawe yenyewe yako wapi.

Mdogo wake alisikiliza yote kwa adabu, hakukatiza. Alipomaliza akauliza, "Sasa yeye choo chake kiko wapi?"

Ahsanteni sana. Mabegi nimekuja nayo machache, yako pale getini kwa kijana wa bodaboda. Ya Ben yapo.